Maji Yaliyoona Kifua

Mjukuu wa jirani yangu hapa Rwamishenye anasoma kemia chuo kikuu, na kila likizo huja kunielimisha. Safari hii alinieleza habari za chembe za polima, yaani plastiki iliyotengenezwa kwa udogo ambao hata darubini ya shule haiwezi kuiona. Unaziachia ndani ya maji machafu ya mgodi, zinadaka dhahabu na fedha iliyoyeyuka humo, kisha unazikusanya na kuzitua mzigo wake. Nilimsikiliza kwa adabu, nikamwongezea chai. Alipomaliza nikamuuliza: hayo maji mkishayatoa madini yanakwenda wapi, na nani anayasubiri huko yanakotokea? Akanijibu kwamba hilo haliko kwenye utafiti wake.

Nilijua. Halikuwa kwenye utafiti wa mtu yeyote. Ndiyo maana nawaandikia ninyi vijana wa maabara, mnaoweza kutoa kitu chochote ndani ya maji. Sisi wa Muleba tuliwatangulia, tena kwa ndoo, na kuitoa fedha ndiyo ilikuwa sehemu rahisi ya kazi.

Mimi nilifanya kazi chumba cha giza cha eksirei, katika hospitali moja ya misheni upande wa Muleba. Leo picha ya kifua inatokea kwenye kioo kama televisheni na kila mtu ni bingwa. Wakati wetu ilikuwa filamu, na filamu ilipakwa chumvi ya fedha, fedha madini, ile ya pete na medali. Ukiitia kwenye devalopa, picha inajitokeza. Ukiitia kwenye fiksa, dawa ya kuidumisha picha, ile fedha ambayo haikutumika inayeyuka na kubaki ndani ya maji. Kwa hiyo kila aliyekuja kukohoa mbele ya mashine yetu alituachia fedha kidogo kwenye pipa. Na miaka ile, jamani, watu walikohoa. Kahawa ilikuwa imeanguka, maduka yalikuwa matupu, usafiri ulikuwa wa kubahatisha. Mkoa mzima ni kikohozi peke yake kilichostawi.

Aliyenifundisha ni Ta Firimini, mzee mfupi aliyeuchukulia mwanga kama mwizi wa migomba yake. Nilianza mwaka wa vita. Siku moja ndege ya Amini ilipita chini kwa chini ikitoka Bukoba kutupa mabomu, nami nikasukuma mlango wa chumba cha giza nikakimbilia nje, nikaacha filamu ya mguu wa askari wazi mezani. Ikawa nyeusi yote. Ta Firimini alinifuata hadi nilikojificha chini ya mbuni wa kahawa, akiwa hana hofu yoyote ya ndege, akaniambia, "Binti, Amini hajakuua. Rudi ndani nifunge mlango kwanza." Askari alipigwa picha tena, akalalamika kwamba vita vya hospitali ni vikali kuliko vya mtoni Kagera.

Yeye ndiye aliyenionyesha kuvuna fedha. Unachukua ndoo, unaijaza stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, unadondosha fiksa iliyochoka juu yake. Chuma kinaingia majini, fedha inatoka, inakaa chini kama masizi meusi. Sikilizeni siri ya ndoo: usimimine, dondosha. Maji yana uvivu wa binadamu, yakiona upenyo pembeni yanapita hapo hapo na fedha yake yote, na wewe unabaki umesimama unajisifu. Ishindilie stilwulu sawasawa, ipe maji nafasi ya kukaa. Yakianza kutoka na rangi ya kutu, ujue chuma kimekwisha, badilisha.

Stilwulu niliinunua kwa Muhindi mmoja Bukoba. Nusu ya ukoo wake ilikimbia wakati wa vita na haikurudi, naye alibaki na duka, paka na udadisi. Kila nikifika alivua miwani. "Mama, hospitali yenu ina sufuria ngapi?" Nikamwambia masista wanapenda usafi. Akasema usafi wa namna hiyo ni ugonjwa, nimpeleke Sista Mkuu akapimwe. Lakini yale masizi yetu ni yeye aliyeyapeleka kwa sonara yakayeyushwa yakawa donge jeupe, na Sista Mkuu aliyabadilisha madonge hayo kwa maboksi ya filamu mpya. Tulipiga picha za vifua kwa fedha ya vifua vilivyotangulia. Wengine wao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Sikuwahi kuizoea habari hiyo, na nyinyi msiizoee.

Sasa niwajulishe kwa Bwana Senti. Jina lake halisi silitaji kwa sababu ana wajukuu wanaosoma vizuri. Alikuwa fundi baiskeli asiye na wateja, mpaka ulipokuja ule ugonjwa ambao leo mnauita UKIMWI, na watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyovuka mpaka na wafanyabiashara waliokuwa wa kwanza kukonda. Hospitali haikuwa na dawa ya Juliana. Bwana Senti akagundua kwamba anayo.

Bomba la chumba chetu lilimwaga maji ya fiksa nyuma ya jengo, kwenye shamba la migomba. Ndoo yetu ilichuja kiasi tu, na siku za foleni ndefu hatukuchuja kabisa. Bwana Senti alikuja na dumu lake, akakinga. Siku ya soko alisimama pale Muleba na karai, akatoa senti ya mkoloni, ile nyekundu yenye tundu katikati, akaifunga kwenye uzi. Akaisugua kwa jivu na ndimu ing'ae. Akaichovya. Akahesabu Baba Yetu moja na Salamu Maria moja, maana alikuwa Mkatoliki mzuri. Akaitoa nyeupe.

"Hiyo ni damu yako," akasema. "Ilikuwa imeshika kutu. Tazama sasa."

Hakuna uchawi hapo. Shaba ikizama kwenye fiksa yenye fedha, fedha inahamia juu ya shaba. Ni kipimo tulichokitumia sisi wenyewe kujua kama pipa limeiva. Lakini ukiwa na mke kitandani anayekonda kila juma, ukaona senti nyekundu inageuka nyeupe mbele ya macho yako, nani atakueleza shaba? Watu walikunywa. Wakatapika, wakasema uchafu unatoka. Migomba ya nyuma ya bomba ilikauka, wakasema mnaona nguvu hiyo. Sista Mkuu akachimba shimo la kumwagia, watu wakateremsha makopo kwa kamba. Akaweka maji kwenye pipa na kufuli, pipa likaibwa pamoja na kufuli. Paroko akahubiri dhidi ya maji hayo Jumapili, na Jumatatu foleni ikaongezeka kwa waliokuwa hawajasikia habari zake.

Ningeweza kuvumilia yote hayo na kucheka. Kisha akaja kaka yangu Deo.

Deo alikuwa mtu wa magendo, kahawa kwenda, sabuni na vitambaa kurudi, anayeongea mpaka kuku wanalala. Alikuja amevaa koti la zamani lililokuwa linamkaa kama limetundikwa msumarini. Mimi na Ta Firimini tulimpiga picha, nikaiosha mwenyewe, nikaiona ikijitokeza chini ya taa nyekundu: wingu juu ya pafu la kulia na shimo katikati yake. Kifua kikuu. Niliketi juu ya pipa nikalia, na nilikuwa nalia kwa furaha, msinielewe vibaya. Labda alikuwa na hiyo nyingine pia, Juliana, wengi walikuwa nazo zote mbili. Lakini kifua kikuu kilikuwa na dawa. Sindano kila siku, vidonge kwa miezi mingi, na mtu anarudi kula. Nilichotaka mwaka ule, na sikutaka kingine duniani, ni Deo alazwe adungwe sindano.

Deo akakataa. Alikuwa na chupa ya Bwana Senti mfukoni.

"Mnasema TB kwa heshima tu," akaniambia. "Mnamwambia kila mtu TB."

"Nimeliona shimo kwa macho yangu, Deo."

"Na mimi nakubali. Mashine imeona ugonjwa wangu. Ile picha mmeiosha kwenye maji gani? Maji yenu hayo. Basi maji yameuona ugonjwa wangu, yanaujua ulipo. Sindano yenu inaujua? Sindano inachoma tako, ugonjwa uko kifuani."

Jibuni hilo, ninyi wenye digrii. Nikaamua kama siwezi kumtoa Deo kwenye maji, nitaitoa fedha ndani ya maji, senti ya yule bwana ibaki nyekundu sokoni na Deo aone.

Bahati ikaleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Kijana mwembamba, viatu vyeupe, mvua za Muleba zikavibadilisha rangi siku ile ile. Alikuja kukagua mashine, akaiona ndoo yetu, akacheka kidogo. Nilimchukia kwa kicheko hicho kwa muda wa chakula cha mchana, kisha nikagundua alikuwa na haki. Alikinga maji yaliyotoka kwenye ndoo, akachovya waya wa shaba, ukabadilika rangi. "Mama, bado imo," akasema. Alirudi baadaye na mfuko wa punje za plastiki, rangi ya asali, ndogo kama ulezi. Hizo ndizo bibi za chembe zenu. Unazijaza kwenye bomba lililosimama, maji yanapita taratibu, fedha inashika kwenye punje, maji yanaendelea na safari. Akatuachia agizo moja tu: zisikauke. Zihifadhiwe ndani ya maji siku zote.

Akaondoka. Nami nikaenda zamu yangu ya mapumziko Bukoba, kwa shangazi yangu Kitendaguro. Niliporudi niliukuta mkeka umetandikwa juani nyuma ya jengo, na juu yake punje zimesambazwa vizuri sana, na Ta Firimini anazigeuza kwa mkono kama kahawa.

Mwelewe. Mzee huyu alikulia kwenye kahawa, baba yake alikulia kwenye kahawa. Katika maisha yake yote hakuna punje iliyohifadhiwa ikiwa mbichi bila kuota ukungu. Akaona mfuko umelowa, akamhurumia mtaalamu kwa kukosa malezi, akaanika. Kuku wa mtunza ghala walikuwa wameshakula upande mmoja wa mkeka. Nilipozirudisha zilizobaki majini zilipasuka, unazisikia kabisa zikilia, tik, tik, tik.

"Zilikuwa zinataka kuoza," akasema Ta Firimini.

"Plastiki haiozi, Ta."

"Hujawahi kuiacha kwenye maji muda wa kutosha."

Tuliokoa kiasi alichokuwa amekisahau ndani ya mfuko. Tukakijaza kwenye kipande cha bomba la maji, ndoo ya stilwulu mbele ili ibebe mzigo mkubwa, punje nyuma zidake masalia. Nikachovya senti yangu mwenyewe kwenye maji yaliyotoka. Nikasali sala zile zile mbili za Bwana Senti, nikaongeza na Atukuzwe. Nyekundu. Nilimkumbatia Ta Firimini, na yeye akasema tuwahi kufunga mlango, mwanga unaingia.

Tuliwaacha Bwana Senti na wenzake wakinge kama kawaida. Siku ya soko nikamshika Deo mkono hadi Muleba, akipumzika kila penye kivuli. Bwana Senti akasugua, akachovya, akasali. Nyekundu. Akasugua tena, akachovya, safari hii akasali rozari fungu zima, na watu wakasali naye. Akaitoa. Nyekundu kama ilivyozaliwa. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nikamtazama Deo ili nione anavyozinduka.

Ndipo bibi mmoja muuza senene akanyoosha kidole. "Wameyachuja," akasema. "Huyo Adelina nimemwona na ndoo. Wametoa dawa, wametuachia maji."

Sijui kama mmewahi kutazamwa na soko zima. Bwana Senti, ambaye kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko mikono yake, alielewa upesi kuliko mimi. Hakunikasirikia. Aliniinamia kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, Ma Adelina," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mabasi, "hatuwalaumu. Wakubwa nao wanaumwa. Lakini mngetubakizia kidogo."

Na ilikuwa kweli tumeitoa. Hapo ndipo penye kuuma. Kila walichosema kilikuwa kweli: kulikuwa na kitu ndani ya maji, kilikuwa cha thamani, na hospitali imekitoa na kukificha. Nilifungua mdomo nieleze, likatoka neno shaba, nikaufunga. Chupa za zamani za Bwana Senti, zile za kabla ya punje zangu, zilipanda bei kabla jua halijafika kichwani.

Nilimrudisha Deo. Nyumbani alilala akageukia ukutani. "Umeninyang'anya," akasema. "Dada yangu wa tumbo moja."

Nililia kazini, safari hii si kwa furaha. Ta Firimini akaniacha nilie, akamaliza kuosha filamu zake, kisha akaniuliza, "Wewe unataka Deo anywe vidonge, au unataka akiri kwamba ulikuwa na haki? Chagua. Viwili hivyo huwezi kupewa pamoja." Mzee aliyeanika plastiki.

Nikachemsha maji ya mvua, nikayapoza. Nikaitia senti yangu kwenye fiksa ambayo haijachujwa, ikawa nyeupe, nikaiosha mpaka mikono ikaniuma, nikaitumbukiza kwenye chupa ya kahawia yenye maji yale ya mvua. Nikampelekea Deo. Nikamwambia ni ya akiba, ya kabla ya kuchuja, nimeificha kwa ajili yake peke yake. Akaitikisa, akaiona senti, akaketi. "Ila ina sharti," nikamwambia. "Hainywewi kavu. Inanywewa na vidonge vya Sista, tena ukiwa umelazwa. Vidonge vinafungua njia, maji yanapita."

Akalazwa siku hiyo hiyo. Sista Mkuu aliiona chupa kando ya kitanda, akauliza nini hii. Nikamwambia maji ya kumezea dawa, Sista. Akainusa, akairudisha.

Deo alipona kile kifua. Alirudi kijijini na mashavu, akala ndizi, akanywa rubisi, pombe ya ndizi aliyokatazwa, akaongea mpaka kuku wakalala. Aliishi miaka kadhaa kabla ile nyingine haijamfikia, akamwona binti yake akipata kipaimara. Nisingeibadilisha miaka hiyo kwa cheo chochote. Lakini kitu alichokisema kila alikokwenda, vilabuni, kanisani, misibani, ni kwamba sindano zilimchosha bure. Aliyemponya ni dada yake, mwenye maji ya kweli.

Basi asubuhi nikifungua mlango nawakuta wamekaa barazani na chupa. "Kasinge, Ma Adelina," wananiamkia kwa heshima. Watu wazima, wengine wamembeba mtu kwenye machela ya matete. Bwana Senti alirudi kwenye baiskeli zake, na aliponipita alinisalimia kama mwenzake wa kazi. Nikifukuza watu hawaondoki, wanadhani nataka niongezewe pesa. Nikaanza kuwapa maji yangu ya mvua, na sharti lile lile: yanakwenda na vidonge vya hospitali, nenda kapigwe picha kwanza. Wenye kifua kikuu walikwenda, wakapata dawa, wengi wakapona, wakanisifu mimi. Sista akasema idadi ya wanaomaliza dawa haijawahi kuwa nzuri namna hii, hajui ni mahubiri ya nani.

Ma Stella wa mlima wa pili alimleta binti yake, msichana aliyekuwa anafundisha chekechea. Nikampiga picha. Nikaiosha, nikaiangalia juu ya taa, nikairudia. Mapafu safi kabisa, basi ni ile nyingine. Sijawahi kuchukia picha nzuri kama ile. Kama kungekuwa na wingu ningekuwa na vidonge, na sharti, na njia ya kufungua. Hakukuwa na kitu cha kumpa, na miaka ile hakuna aliyekuwa nacho, si Dar es Salaam, si Ulaya. Ma Stella alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake tupu, ananitazama mikono.

Nikamjazia.

Alirudi baada ya matanga, amefunga kitambaa kichwani, ameiosha chupa mpaka inang'aa. Kwetu hairudishwi ikiwa tupu, na hakuirudisha tupu. Alikuwa ameijaza akamwani, kahawa ya kutafuna, ile nzuri anayopewa mgeni wa heshima.

"Alikuwa anayaomba mpaka mwisho," akaniambia. "Alisema ni matamu. Mungu akulipe."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante, nikamkaribisha aketi.